Mtaa gani mzuri Dar? Kwanza tuelewane mtaa ni nini

Mtumishi akihamishiwa Dar es Salaam, au kijana akimaliza chuo na kuanza kutafuta chumba cha kwanza cha kwake, swali huwa ni lilelile: nikae mtaa gani? Mmoja atamwambia Mikocheni, mwingine Tabata, wa tatu ataapa kwamba hakuna kama Sinza, na wa nne, aliyezaliwa na kukulia Temeke, atawashangaa wote watatu. Ubishi huo hauishi vijiweni wala kwenye makundi ya WhatsApp, na sababu si kwamba watu wana ladha tofauti tu. Mara nyingi wabishi hawazungumzii kitu kimoja. Huyu anataja wilaya, yule anataja kata, mwingine anataja kituo cha daladala, na mwingine anasimulia sifa ya miaka 30 iliyopita.

Ninavyoona mimi, ukitaka kuuelewa mtaa wowote wa Dar es Salaam usianze na jina lake, wala usianze na kodi yake. Uliza ardhi yake ilipimwa lini, ilipimwa na nani, na kwa ajili ya nani. Ukipata majibu ya maswali hayo utajua kwa nini barabara zake ni nyembamba au pana, kwa nini mvua ikinyesha watu wanahamisha magodoro au hawahamishi, na kwa nini wakazi wake wanaupenda hata pale wageni wasipoona cha kupenda.

Tuanze na maneno

Kisheria, mtaa ni ngazi ya chini kabisa ya serikali mjini. Una mwenyekiti anayechaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho ikiwa Novemba 2024, na una mtendaji ambaye ni mwajiriwa. Hapo ndipo unapokwenda kuchukua barua ya utambulisho ya benki, ya kitambulisho cha taifa au ya kumdhamini ndugu yako. Mitaa kadhaa hufanya kata, kata hufanya wilaya, na wilaya za Dar es Salaam kwa sasa ni tano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kabla ya 2015 zilikuwa tatu. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima.

Maana ya pili ya mtaa ni barabara yenye nyumba pande mbili: Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Swahili, Mtaa wa Lumumba. Ya tatu ndiyo ile tunayoitumia tukisema "mtaani kwetu". Hii haina mpaka kwenye ramani. Mtu wa Manzese Midizini na mtu wa Manzese Tip Top wote watakwambia wanatoka Manzese, ila wakiwa wenyewe kwa wenyewe kila mmoja anajua kwake kunaishia wapi. Katika makala hii nikisema mtaa nina maana hiyo ya tatu. Ile ya kwanza nitaiita serikali ya mtaa.

Kuna mkanganyiko mwingine uliozaliwa Februari 2021. Halmashauri ya zamani ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Zile wilaya nyingine nne zikabaki na manispaa zao. Kwa hiyo ukizungumza kiserikali, mkazi wa Chanika, ambako bado kuna mashamba na barabara za vumbi, yuko chini ya Jiji. Mkazi wa Masaki yuko chini ya Manispaa ya Kinondoni. Ndiyo maana mtu anapewa fomu iliyoandikwa "Jiji la Dar es Salaam", anaipeleka ofisi ya Kinondoni, na anarudishwa. Kwa mazungumzo ya kawaida Dar yote ni jiji, na hakuna ubaya. Lakini penye kodi ya ardhi, kibali cha ujenzi au leseni ya biashara, hakikisha kwanza uko halmashauri ipi.

Majina nayo yanajirudia. Ilala ni wilaya, na pia ni mtaa wa zamani pale Boma. Kinondoni hivyohivyo, Temeke hivyohivyo. Linalowatesa wageni zaidi ni Mbezi. Kuna Mbezi Beach, iliyo Barabara ya Bagamoyo upande wa bahari, na kuna Mbezi Luis, iliyo Barabara ya Morogoro baada ya Kimara, ambako tangu 2021 kuna Kituo cha Mabasi cha Magufuli. Hizi Mbezi mbili zimetenganishwa na Goba yote. Abiria wa basi la alfajiri kwenda Mwanza aliyeambiwa "kituo kiko Mbezi" na akapanda daladala ya Mbezi Beach, basi lake litaondoka bila yeye.

Mji uliogawanywa mara ya kwanza

Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga hapa miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Wajerumani wakahamishia makao makuu ya koloni lao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Lakini sura ya mitaa tunayoijua leo imetokana zaidi na kanuni za ujenzi zilizoanza kwa Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Mji uligawanywa kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kwenye karatasi kanda hizo hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa, na kwa kuwa sheria ilijua nani ana uwezo wa kujenga nyumba ipi, matokeo yakawa yaleyale. Uzunguni ilianzia maeneo ya Ikulu na Ocean Road, ikasogea baadaye hadi Oysterbay, viwanja vikubwa na miti mingi. Uhindini ikawa katikati: maduka chini, familia juu. Uswahilini ikawa Kariakoo, na kati yake na Uhindini pakaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja.

Watu wengi hudhani Kariakoo ilijiotea yenyewe kwa sababu ya msongamano wake. Sivyo. Kariakoo ilipimwa mapema sana, kabla Wajerumani hawajaondoka. Ukitazama ramani yake utaona mistari imenyooka, mitaa inakatana kwa pembe sawa, na viwanja vinalingana. Kinachojaa ni watu na mizigo, si kwamba mpangilio haupo. Ndiyo sababu hata leo, pamoja na maghorofa yaliyochukua nafasi ya nyumba za zamani, mgeni akielekezwa "makutano ya Msimbazi na Uhuru" anafika. Jengo la soko lenyewe, lililochorwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, liliungua Julai 2021, na bado watu waliendelea kusema "naenda Kariakoo" wakimaanisha mtaa mzima. Kwa wapenzi wa mpira ndiko nyumbani kwa wapinzani wawili: Simba wako Msimbazi, Yanga wako Jangwani, na kutoka makao ya mmoja hadi ya mwenzake unaweza kutembea kwa miguu.

Nyumba iliyojaza viwanja hivyo, na baadaye ikajaa Ilala, Magomeni, Temeke na Kinondoni, inastahili kuangaliwa kwa karibu maana bila yake huwezi kuelewa kwa nini watu wanapenda uswahilini. Mbele kuna baraza. Unaingia mlango mkubwa, unakuta korido ndefu, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Mwisho wa korido unatokea uani, ambako kuna jiko, bafu, choo na kamba za kuanikia. Kila chumba kinaweza kuwa na familia yake. Mita ya umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, mara nyingi ni moja, kwa hiyo kuna kuchanga, na kuna mjadala wa kila mwezi juu ya nani ana friji na nani ana balbu moja. Kufagia uani kuna zamu. Mtoto akirudi shule mapema hakosi mtu wa kumfungulia, na msiba ukitokea, turubai linafungwa mbele ya baraza kabla ndugu wa mbali hawajapata habari. Wapo waliochoshwa na maisha hayo, na wana haki. Kuoga kwa foleni saa kumi na moja alfajiri si jambo dogo. Lakini nyumba hii imemwezesha mtu wa kipato kidogo kukaa karibu na kazi yake na karibu na watu wa kumsaidia, na sijaona aina nyingine ya nyumba iliyofanya hivyo kwa bei hiyo.

Uhindini nayo ilibadilika, ila kwa njia nyingine. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye baadaye aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana Upanga na Kisutu zina mchanganyiko wake wa leo: familia za vizazi vingi jirani na wapangaji wa Shirika, hekalu mtaa mmoja, msikiti mtaa wa pili, na muuza bhajia ambaye wateja wake wanatoka kote huko.

Sinza na Manzese: mradi mmoja, sura mbili

Hapa ndipo hoja yangu inapoonekana wazi. Hadi miaka ya 1960, serikali ilikuwa ikivunja nyumba za maeneo duni na kujenga mpya kupitia Shirika la Nyumba. Ilikuwa gharama kubwa, na watu walikuwa wakiingia mjini kwa kasi kuliko nyumba zilivyojengwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mawazo yakabadilika. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia ukaanza mradi wa viwanja vyenye huduma: serikali ipime viwanja, ichonge barabara na ilete maji, kisha mwananchi ajenge mwenyewe kwa uwezo wake. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa kwa utaratibu huo. Manzese, ambako watu walikuwa tayari wamejenga bila kupimiwa, haikuvunjwa. Iliboreshwa palepale ilipo: barabara chache zikapitishwa, maji yakafika, shule na zahanati zikajengwa. Awamu ya pili ikaenda Tabata, Mbagala na maeneo ya Mtoni na Tandika.

Tofauti unayoiona leo kati ya Sinza na Manzese ilianzia hapo. Haikutokana na tabia za watu wala bidii yao. Sinza gari linafika mlangoni kwa nyumba nyingi, na kwa kuwa barabara zilikuwepo, nyumba za mbele zikageuzwa fremu, yaani vyumba vya biashara, na fremu zikawa saluni, maduka ya nguo, baa na nyama choma. Viwanja hivyo vilikusudiwa watu wa kipato cha chini, lakini vingi viliishia mikononi mwa watu wa kipato cha kati, na kodi zikapanda ipasavyo. Manzese, vichochoro vilifuata nyumba, si nyumba kufuata vichochoro. Kwa hiyo biashara yake imebanana kando ya Barabara ya Morogoro, na ndani ni miguu, mkokoteni na bodaboda. Mtu mwenye duka la mitumba Manzese anaweza kuwa na mtaji mkubwa kuliko mwenye saluni Sinza. Nyumba anayolala haitakwambia hilo.

Magomeni ni mfano wa tatu, na nakiri ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ilipimwa na Waingereza baada ya Vita ya Pili kwa ajili ya Waafrika, na Mwalimu Nyerere alijenga na kuishi huko miaka ya 1950 wakati wa harakati za uhuru. Nyumba yake sasa ni makumbusho. Kota zake za zamani zilivunjwa, na mwaka 2022 yakafunguliwa maghorofa mapya kwa ajili ya familia 644 zilizokuwa zikiishi hapo. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao maalumu, inapita mlangoni. Unaweza kuwa na nyumba ya vyumba sita, ghorofa jipya na msikiti wa zamani ndani ya hatua chache, na wazee bado wanacheza bao jioni.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

La kwanza ni kwamba ushuani, kwenye mitaa ya wenye nazo, kuna matajiri watupu. Masaki ni sehemu ya Kata ya Msasani. Kata hiyohiyo ina Makangira na Bonde la Mpunga, maeneo ya uswahilini kabisa, na Msasani yenyewe ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla hapajawa na ubalozi hata mmoja. Kijana anayepanga chumba Msasani hajatupa hela; huenda anafanya kazi hotelini Masaki na ameamua kuokoa nauli na saa mbili za foleni. Vilevile wapo matajiri wa kweli Mbagala, Buguruni na Tandika ambao hawana mpango wa kuhama.

La pili, kwamba uswahilini ni mahali pa walioshindwa. Makadirio ya wataalamu wa ardhi yamekuwa yakitaja kwamba takribani asilimia 70 ya wakazi wa jiji hili wanaishi maeneo yaliyojengwa bila kupimwa kwanza. Walimu wamo, manesi wamo, wafanyabiashara wamo. Jiji halikupima viwanja kwa kasi ya watu walivyokuja, basi watu wakajipimia. Tandale imemtoa Diamond Platnumz, lakini kabla ya msanii yeyote ilikuwa na soko la nafaka linalolisha sehemu kubwa ya mji. Keko inatengeneza vitanda na makabati ambayo yanalaliwa na kufunguliwa hadi Oysterbay. Nasema haya kwa sababu nimewasikia watu wakimhukumu mwombaji wa kazi kwa anwani yake, na hilo ni dhuluma.

La tatu ni hatari zaidi: kwamba penye kodi kubwa hapana mafuriko. Maji hayasomi mkataba wa pango. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, na unaingia baharini pale kwenye Daraja la Selander. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi, na serikali ikawapa baadhi yao viwanja Mabwepande. Hayo wengi wanayakumbuka. Wanayoyasahau ni kwamba sehemu za Mikocheni na Msasani nazo ziko chini, maji ya ardhini yako juu, na mvua kubwa za masika huziingiza nyumba za kifahari majini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Unapooneshwa chumba, tazama ukuta kwa nje, usawa wa goti: alama ya maji haifutiki kirahisi hata kwa rangi mpya. Na muulize mwenye genge la mboga la jirani, siyo dalali.

La nne linahusu karatasi. Wanunuzi wengi wanaamini kwamba wakisaini mauziano mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa wamekwisha kupata hati. Mwenyekiti ni shahidi tu wa kwamba fulani amemuuzia fulani. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kinachompa mtu haki ya muda mrefu kwenye eneo lililopimwa ni hati ya miliki, inayoweza kufika miaka 99. Kwa maeneo ambayo hayajapimwa ipo leseni ya makazi, inayotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya 1999. Hii ni ya muda mfupi, isiyozidi miaka mitano, na huhuishwa. Leseni si kitu cha kudharau, kwa sababu inaonyesha serikali inakutambua hapo ulipo. Ila haina nguvu sawa na hati.

Umbali unapimwa kwa saa

Mwendokasi ilipoanza Mei 2016, Kimara ilisogea mjini bila kuhama hata hatua moja. Aprili mwaka huohuo Daraja la Nyerere likafunguliwa, na Kigamboni, iliyokuwa ikitegemea zaidi pantoni, ikapata njia nyingine ya kuingilia mjini, japo magari hulipia kupita. Mtu anayefanya kazi Kivukoni na kukaa Kigamboni anaiona Posta ng'ambo ya maji kila asubuhi, na siku pantoni ikiwa na foleni atafika akiwa amechelewa kuliko mwenzake wa Kimara. Kwa hiyo kabla hujasema mtaa uko mbali au karibu, nenda huko saa moja asubuhi ya siku ya kazi, si Jumapili mchana kama madalali wanavyopenda.

Mitaa itakayopendwa miaka 20 ijayo inagawanywa sasa hivi, Goba, Kinyerezi, Kitunda, Chanika, Kibada. Baadhi imebahatika. Kibada, Mbweni, Bunju na Tuangoma ziliguswa na mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, kwa hiyo barabara zilichorwa kabla ya nyumba. Kwingine mtu anauza shamba la mzee vipande vipande, kila mnunuzi anajenga hadi ukingoni, na urasimishaji, yaani kupima eneo ambalo limekwisha kujengwa, unakuja baadaye kuwaomba majirani wabomoe kuta ili njia ipatikane. Nimeona majirani wakikubaliana na kila mmoja akitoa mita moja ya uwanja wake, na gari la zimamoto likaweza kuingia. Nimeona pia mtu mmoja akikataa, na mtaa mzima ukabaki na kichochoro. Kwa hiyo kama unanunua huko, kabla hujatoa hata hela ya kishika uchumba, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri husika uombe kuona mchoro wa eneo hilo. Kama mchoro upo, tafuta kiwanja chako kiko wapi na barabara inapita wapi. Kama haupo, simama katikati ya eneo, hesabu nyumba zilizoanza kujengwa, na ujue kwamba barabara ya mtaa huo itatoka kwenye viwanja vyenu wenyewe, na cha kwako kimo.